Mahindi chini ya mikorosho yanadumaa: ni salfa, ni dawa za maji, au ni kitu kingine? Naomba vipimo vya kurekebisha

Mdau_Tandahimba

Wakuu habari za leo. Nina swali la udongo, naomba wanaojua wanijibu kwa vipimo, si kwa maneno ya jumla kama "weka samadi".

Shamba liko juu ya uwanda wa Makonde, udongo wa kichanga mwekundu. Ni ekari 4 za mikorosho mikubwa, nafasi ya mita 12 kwa 12. Salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga (ukungu mweupe wa maua na majani) imepulizwa kila msimu kwa miaka zaidi ya 20, mizunguko 5, robo kilo kwa mti kila mzunguko. Mikorosho yenyewe haina tatizo. Tatizo ni mahindi na karanga zinazopandwa katikati: mahindi yakifika magotini yanasimama, majani ya chini yana rangi ya zambarau, mizizi mifupi minene kama vidole. Karanga zinatoa mapepe (maganda matupu). Muhogo unaendelea kama kawaida.

Majibu ya maabara: chini ya kivuli cha mti, sentimita 0 hadi 20, pH (kipimo cha tindikali, chini ya 7 ni tindikali) 4.3, sentimita 20 hadi 40, pH 4.5. Katikati ya mistari, juu, pH 5.2.

Jambo la pili, kuna sehemu ambapo vijana huchanganyia dawa na kuoshea blowa (mashine za kupulizia). Ni duara la kama mita 4 hivi, hata majani hayaoti.

Jambo la tatu, nimeshauriwa ninunue jasi kutoka Kilwa nimwage shamba zima kwa kuwa "ni chokaa ya bei nafuu". Ni kweli? Na je, korosho zenyewe bado ni salama kuliwa?

---

Udongo_Mwekundu

Mkuu, hongera kwa kupima kwanza, tena kwa kutenganisha chini ya mti na katikati ya mistari. Wengi huchanganya sampuli za shamba zima kwenye ndoo moja, wanapata wastani wa 4.8 usiosema lolote.

Uchafuzi wa udongo si kitu kimoja, na dawa yake si moja. Upo unaobadilisha hali ya udongo bila kuacha sumu yenyewe, kama tindikali na chumvi. Upo unaooza ukipewa muda, hewa na wadudu wa udongo: dizeli, oili, viuatilifu vingi. Na upo usioondoka kabisa: shaba kutoka kwenye viuakuvu vya kopa, risasi ya betri za magari, zebaki. Wa kwanza unasahihishwa, wa pili unasaidiwa kuoza, wa tatu unafungwa mahali ulipo au unachimbwa na kutolewa. Wewe shambani una wa kwanza. Kwenye lile duara inawezekana una yote matatu.

Salfa ya unga ikiwa juu ya jani haina ubaya kwa udongo. Ikianguka chini inaliwa na bakteria wanaoigeuza kuwa tindikali ya salfa. Kipindi cha kupuliza, Juni hadi Septemba, udongo ni mkavu, kwa hiyo salfa hukaa tu. Mvua za Desemba zikianza bakteria wanaamka na tindikali inatoka kwa mkupuo, wakati uleule mbegu ya mahindi inapoota. Halafu mvua kubwa zinashusha salfeti chini, nayo haishuki peke yake, inaondoka na kalsiamu na magnesiamu. Udongo wa kichanga hauna akiba ya kulipia hasara hiyo. Mfinyanzi ungehimili miaka mingi zaidi.

pH ikishuka chini ya 5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye madini ya udongo inayeyuka. Hiyo ndiyo inayokata ncha za mizizi ya mahindi ikaonekana kama vidole. Rangi ya zambarau ni njaa ya fosforasi, kwa sababu alumini hiyohiyo inaifunga. Mapepe ya karanga ni ukosefu wa kalsiamu, maana ganda la karanga hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, haliletewi na mizizi. Muhogo unastahimili tindikali, na mkorosho pia. Ndiyo maana mti haulalamiki. Anayesubiri mkorosho umwonyeshe kuwa udongo umeharibika atasubiri mpaka iwe kazi kubwa.

Sasa hesabu. Kilo 1 ya salfa ikigeuka yote inahitaji kilo 3.1 za chokaa safi ya kilimo kuizima. Wewe unaweka kilo 1.25 kwa mti kwa msimu, kwa hiyo karibu kilo 4 za chokaa kwa mti kila mwaka ni za kufuta salfa ya mwaka huo tu. Kwa nafasi yako ekari ina miti 28, sawa na kilo 110 hivi kwa ekari. Sehemu ya unga hupeperuka kwenda kwa jirani, lakini wa jirani nao unakuja kwako, kwa hiyo usijipunguzie hesabu.

Deni la miaka iliyopita ni jingine. Kwa kichanga cha pH 4.3 ningeanza na gramu 200 kwa mita ya mraba chini ya kivuli. Tawi likifika mita 5 kutoka shinani, hiyo ni mita za mraba 78, yaani kilo 16 kwa mti. Gawa misimu miwili, kilo 8 na kilo 8. Usimwage zote pamoja kwa kudhani unaharakisha. Kichanga kikipandishwa pH ghafla, zinki, chuma na manganizi vinajifunga na unapata majani ya njano yenye mistari, kisha utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Pima tena baada ya msimu wa pili kabla ya kuongeza.

Mwaga Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, uchanganye na udongo wa juu kwa jembe la mkono, sentimita 10 hivi, ukiacha mita moja kuzunguka shina. Usilime kwa kina, mizizi midogo ya mkorosho inayolisha mti iko juu. Kati ya mistari, pH 5.2, gramu 100 kwa mita ya mraba zinatosha kwa karanga na mahindi.

Korosho ni salama. Salfa na tindikali yake havijikusanyi ndani ya kokwa kama sumu.

---

Bwana_Shamba_Masasi

Naongezea kwenye aina ya chokaa, maana hapo ndipo pesa za wakulima hupotea.

Vipimo alivyotoa mkuu hapo juu ni vya chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Ukipata dolomaiti (chokaa ya mawe yenye magnesiamu) ni bora zaidi kwa udongo huu kwa kuwa inarudisha magnesiamu iliyosombwa. Ukitumia chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa, kilo 4.5 zinafanya kazi ya kilo 8. Iliyozimwa kwa maji, ile ya kupakia nyumba, weka kilo 6 badala ya 8. Zilizochomwa zinaunguza ngozi na macho: glavu, miwani, na usimwage wakati wa upepo. Pima kwa mzani. Debe hudanganya, la chokaa kavu laini na la chokaa yenye unyevu hayalingani hata kidogo.

Unga uwe laini. Punje za ukubwa wa mchanga zitakaa ardhini miaka bila kufanya kitu. Kama hazipiti kwenye chekecheo la unga wa dona, usilipe bei ya chokaa.

Pwani kwetu bado kuna watu wanachoma matumbawe kupata chokaa. Usinunue. Kung'oa matumbawe kunaharibu mazalia ya samaki, na sehemu ya bahari yetu kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma ni hifadhi tangu 2000.

Jivu la kuni linasaidia, lina nguvu ya karibu theluthi hadi nusu ya chokaa na linaongeza potasiamu, ila kupata kilo 20 za jivu kwa kila mti kwa miti zaidi ya 100 ni ndoto. Litumie kwenye bustani ya mboga.

Kosa jingine ni kumwaga chokaa na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) au urea au samadi mbichi siku moja. Naitrojeni inaruka hewani kama amonia, utainusa. Acha wiki 3 au 4 katikati. Na kwa shamba hili achana na SA kabisa: mfuko wa kilo 50 unadai kilo 55 za chokaa kuusahihisha. Kwa kila kilo ya naitrojeni SA inachachusha karibu mara tatu ya urea. CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) haina shida hiyo. Kwa fosforasi, fosfeti ya Minjingu inafaa kwa sababu inayeyuka vizuri kwenye udongo wa tindikali na inakuja na kalsiamu yake. Iweke kwenye shimo la mbegu, usiirushe juu ya chokaa.

---

Kilwa_Masoko

Kuhusu jasi: aliyekwambia ni chokaa ya bei nafuu amekosea. Jasi ya Mandawa na Makangaga ni kalsiamu salfeti. Chokaa ni kalsiamu kabonati. Zote nyeupe, zote zina kalsiamu, lakini jasi haipandishi pH. Ukimwaga tani nzima bado maabara itakuandikia 4.3.

Jaribio la dakika moja kabla ya kulipa: weka kijiko cha unga kwenye kisosi, dondoshea siki au maji ya ndimu. Chokaa ya kilimo inachemka mapovu. Dolomaiti inatoa mapovu polepole, iangalie kwa makini. Jasi inakaa kimya. Iliyochomwa bila kuzimwa inapata joto ukiinyunyizia maji.

Hata hivyo jasi ina kazi mbili za kweli. Ya kwanza ni karanga: kilo 80 hadi 100 kwa ekari, ikinyunyizwa kwenye mistari karanga zinapoanza kutoa maua, inaondoa mapepe kwa sababu inayeyuka haraka na kuipa ganda kalsiamu. Ya pili ni mashamba ya huku pwani yaliyoingiwa na maji ya bahari au yaliyopakana na mashamba ya chumvi, ambapo udongo unafanya ukoko mgumu na maji hayapenyi. Hapo kalsiamu ya jasi inasukuma sodiamu nje. Lakini lazima maji baridi yapite baadaye kuisomba sodiamu, na yawe na pa kutokea. Bila mtaro, jasi inaongeza chumvi juu ya chumvi. Mdau hayuko kwenye hali hiyo, yuko juu uwandani.

---

Udongo_Mwekundu

Nakubaliana na Kilwa, ila niongeze jambo moja. Mdau ana pH 4.5 hata kwenye sentimita 20 hadi 40, na chokaa inayomwagwa juu haishuki kirahisi. Bila kulimwa inashuka sentimita chache kwa mwaka. Jasi inashuka na kupunguza makali ya alumini huko chini. Kwa hiyo wapo watakaokushauri uchanganye vyote viwili, na kwa udongo wa mfinyanzi ningekubali. Kwa kichanga hiki ambacho tayari kimejaa salfeti, ningeogopa kusomba magnesiamu na potasiamu iliyobaki. Anza na dolomaiti, jasi iishie kwenye mistari ya karanga tu.

---

Blowa_na_Barakoa

Wote mmeongelea kusahihisha, hakuna aliyefunga bomba. Kilo 4 za chokaa kwa mti kila mwaka ni gharama ya salfa ambayo haiandikwi kwenye mfuko. Kinachoanguka chini ndicho kinachoharibu, basi punguza kinachoanguka.

Puliza kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 2 asubuhi, umande ukiwa bado kwenye maua na upepo umelala. Unga hushika. Ifikapo saa 4, nusu ya mfuko iko ardhini na nyingine iko kwenye paa la jirani. Na kwa kuwa watu wengi uwandani wanakinga maji ya mvua, chomoa mfereji wa paa kutoka kwenye tangi kabla ya msimu wa kupuliza, na mvua ya kwanza iache ioshe paa kabla ya kuurudisha.

Pogolea baada ya mavuno: matawi yanayogusa ardhi, yaliyokufa, na maotea yote ya ndani kwenye kivuli. Ubwiriunga unajificha kwenye machipukizi hayo kabla ya kuhamia kwenye maua. Miti iliyobanana matawi yakaingiliana ipunguzwe, au mikongwe isiyozaa ikatwe na kubebeshwa aina bora za Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho. Mti ulio wazi kwa upepo na jua unahitaji mizunguko michache. Na mzunguko uanze kwa kukagua maua mti kwa mti, usianze kwa sababu jirani kawasha blowa.

Kuhamia kwenye viuakuvu vya maji kunapunguza tindikali, ni kweli, lakini si bure. Baadhi ya dawa za kundi la triazoli, kama triadimenoli, zinakaa kwenye udongo miezi mingi, na ukitumia kundi moja miaka yote ukungu unazoea. Mizunguko miwili ya maji na miwili ya salfa ni mpangilio mzuri kuliko mitano ya kitu kimoja. Kipimo ni cha kwenye lebo. Kama lebo haina namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), usifungue.

Sasa lile duara. Kabla ya kulitibu jua ni nini. Chukua makopo matatu ya kilo 3. La kwanza udongo wa duara. La pili udongo wa duara pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chokaa ya kilimo, uloweke wiki mbili kabla ya kupanda. La tatu udongo safi kutoka nje ya shamba. Panda maharage 5 kila kopo, usitumie kunde, zinavumilia tindikali. Angalia siku ya 14 na ya 21. Kopo la pili likistawi kama la tatu, tatizo lilikuwa tindikali tu, mwaga chokaa umalize. Likidumaa kama la kwanza, una dawa au mafuta. Nusa udongo wa sentimita 15 chini, petroli ya blowa inajulikana kwa harufu.

Kwa dawa na mafuta, duara la mita 4 kwa kina cha sentimita 20 ni kama tani 3 hadi 4 za udongo. Usiuhamishie kwingine, utakuwa umechafua sehemu mbili. Changanya humo gunia la chenga za mkaa zilizopondwa (zinashika dawa zisielee na maji), toroli 6 au 7 za samadi iliyoiva, chokaa, kisha weka unyevu na geuza kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo. Hewa ndiyo inayofanya kazi, tope lililoshindiliwa halioozi kitu. Baadaye panda majani, usipande mboga wala muhogo kwa misimu miwili. Kama viuakuvu vya kopa vilitumika, shaba itabaki hapo daima. Mboji na pH ya 6 hivi vinaifunga, lakini mahali hapo pasiwe bustani tena.

Halafu vijana wapewe pa kuoshea. Shimo la mita 2 kwa 2, kina mita 1, sakafu ya mfinyanzi ulioshindiliwa sentimita 10 kwa sababu kichanga chenu hakishiki maji. Jaza mchanganyiko wa mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa sehemu 2, udongo wa juu sehemu 1, mboji iliyoiva sehemu 1. Juu panda nyasi. Maji ya kuoshea pampu yaishie humo, na paa dogo la makuti lizuie mvua kubwa, maana shimo likifurika halina maana. Mchanganyiko unashuka kadiri unavyooza, ongeza kila mwaka. Liwe mbali na kisima na chemchemi. Mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazitaja kwa kingo za mito, maziwa na bahari ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Makopo matupu: robo ya maji, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya pampu. Mara tatu. Toboa kitako lisitumike kuwekea maji. Kusanyeni pamoja AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na muulize afisa kilimo utaratibu wa kuyakusanya. Kuchoma na kuzika shambani ndiko kunakozaa maduara mengine.

---

Mdau_Tandahimba

Asanteni sana wakuu. Swali la nyongeza: kikundi cha ubanguaji hapa kijijini kinatoa maganda ya korosho bure. Naweza kuyatandaza chini ya mikorosho kama matandazo, niongeze mboji?

---

Bwana_Shamba_Masasi

Usiyatandaze. Ganda la korosho lina mafuta, kati ya moja ya tano na robo ya uzito wake, yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Yanazuia mbegu kuota na yanaoza polepole mno. Waachie wanaoyatumia kama kuni za tanuri. Mabibo ndiyo uchukue: yaozeshe kwenye lundo na majani makavu pamoja na samadi, geuza kila wiki mbili, usiyaache yachachie shinani.

---

Udongo_Mwekundu

Na lundo lako la mboji liwe nje ya eneo la kupulizia, au lifunikwe Juni hadi Septemba. Salfa ikijaa kwenye mboji utakuwa unabeba tindikali kwa toroli na kuirudisha palepale. Ukipima tena chukua sampuli kwenye sehemu 15 hadi 20 kwa ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati inaongeza zinki kwenye majibu.